Aliyeingia na Punje

Mgeni wetu alifika asubuhi, lakini kwa muda hakuweza kutoka ndani ya gari lake.

Nilikuwa nafagia karakana ya mjomba wangu, nikiamini nafagia kwa mara ya mwisho, niliposikia kishindo kidogo langoni, kama mtu aliyepiga bati kwa kiganja. Kisha honi ikalia, nyembamba na ya haya. Nilichungulia nje. Ubavu mmoja wa lango la bati ulikuwa wazi, na kwenye ubavu uliofungwa kigari cha rangi ya siagi kilikuwa kimeegemeza pua. Nyuma ya kioo aliketi mama wa makamo, amezungukwa na trei za mayai mpaka mabegani, akinitazama kama samaki ndani ya chupa.

"Habari za kazi, mwanangu," alisema kupitia kidirisha cha pembeni. "Nimejifungia."

Nilielewa mara moja. Punje, kigari hicho cha magurudumu matatu, ina mlango mmoja tu, nao uko mbele. Pua nzima ya gari hufunguka kama kabati, na usukani huenda nao. Tena haina gia ya kurudi nyuma. Ukisimama ukiwa umegusa ukuta, basi wewe na ukuta mtazoeana. Kila aliyewahi kuwa na Punje amefanya kosa hilo, hata kama hasemi. Mwenye gari la kawaida hawezi kulifanya hata akitaka.

"Mjomba!" niliita. "Kuna mtu amekwama!"

"Amekwama wapi?"

"Ndani ya Punje. Amegusa lango."

Nikasikia kiti kikilia, na pumzi ndefu ya mtu anayeomba magoti yake ruhusa. "Kumbe bado wapo," alisema.

Alitoka taratibu. Siku hiyo alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na tangu tufike alikuwa ameketi mbali na kila kitu chenye grisi, mikono mapajani, kama mtoto aliyeambiwa asijichafue kabla ya kupigwa picha. Alilitazama gari, akamtazama mama, akatikisa kichwa.

"Kamata nyuma pale," aliniambia. "Kunja magoti. Mgongo ni wa kulalia, si wa kunyanyulia."

Tuliinua mkia, tukalivuta, mlango ukafunguka. Mama yule alishuka kwa tahadhari, trei moja mkononi, akajinyoosha.

"Nimeliendesha tangu binti yangu anatambaa, sijawahi kujifungia hadharani," alisema. "Leo ndiyo nimejifungia, mbele ya waliolitengeneza. Ningejua ningevaa kiatu kizuri."

"Usijali, mama," mjomba alisema. "Mwenzetu aliyeuchora mlango huo alijifungia siku ya kwanza kabisa. Tukamwambia hatumtoi mpaka akiri kwamba amekosea."

"Akakiri?"

"Alilala usingizi humo humo."

Mama alicheka, lakini kicheko chake kilikatika njiani. Alikuwa amechoka, ilionekana kwa namna alivyoliegemea gari. Alieleza kwamba yeye ni muuza mayai. Huyachukua kwa wafugaji kule juu na kuyasambaza kwenye maduka na migahawa ya mjini, kila siku, na Punje ndiyo gari pekee aliloliona linalopita njia ile ya mawe bila kumvunjia mzigo, kwa kuwa ni nyepesi na haina haraka. Sasa mnyororo ulikuwa unaruka.

"Mlimani ndiyo imegoma kabisa. Inanguruma lakini haiendi, kama mume aliyetumwa sokoni."

Mimi nilikuwa na furaha yangu ya kijinga. Nilikuwa nimemaliza chuo cha uhandisi, na mradi wangu wa mwisho uliandikwa juu ya magari madogo. Kuona Punje nyingine ikiwa hai, yenye vumbi la kazi, lilikuwa jambo kubwa kwangu. Nikatamka bila kufikiri, "Ondoa wasiwasi, mama. Hapa tuna neno letu: aliyeingia na Punje hatoki kwa miguu."

"Nalijua," alisema, na uso wake ukalegea kwa mara ya kwanza. "Waliniambia siku ninaichukua. Ndiyo maana nimekuja."

Mjomba alinitazama tu, kisha akageuka na kurudi ndani.

*

Walioiunda Punje walikuwa watatu. Mjomba alikuwa mchomeleaji wa vitanda vya chuma. Wa pili, waliyemwita Mchoraji, alichora ramani za majengo ambayo wateja wake hawakuyajenga. Wa tatu alikuwa Sikio, fundi wa injini za pampu, ambaye angesikia mashine inapita mtaa wa pili akakuambia ina ugonjwa gani. Mafuta yalikuwa yameadimika, magari yaliyokuwepo yalikuwa makubwa na ya wachache, na watu walitembea mpaka viatu vikawaacha. Hao watatu wakaulizana: mtu mmoja na mzigo wake wanahitaji chuma kiasi gani?

Nilipokuwa chuoni nilisoma kwamba swali hilo liliulizwa sehemu nyingi. Baada ya vita kuu ya pili ya dunia, viwanda vilivyokatazwa kuunda ndege viligeukia vigari vya magurudumu matatu, vingine vikiwa na kioo cha juu kama cha rubani. Nchi nyingine iliweka sheria kwamba gari lisilozidi udogo fulani litatozwa kodi ndogo, na waundaji wakashindana kubana watu ndani ya nafasi ya sanduku. Baadhi yao walifikia mawazo yaleyale: silinda moja, gurudumu moja nyuma, mlango mbele. Hawakufahamiana. Ni uhitaji tu uliowafundisha darasa moja.

Lakini katika vitabu vyote nilivyosoma, hapakuwa na Punje. Hapakuwa na mchomeleaji aliyekunja bati kwa kulipigia juu ya gogo, wala Sikio, ambaye aliondoa gia ya kurudi nyuma kwa hoja kwamba gari lenyewe ni jepesi, likitaka kurudi litabebwa. Wawili walikuwa wameshafariki. Mjomba alikuwa amebaki kutengeneza zile zilizorudi, moja baada ya nyingine, mpaka magoti yakaanza kukataa. Mashine zilishachukuliwa na mafundi wengine. Lango lilikuwa lifungwe.

Ndipo nilipohangaika na chuo changu. Katika ukumbi wa idara walikuwa wanaandaa sehemu ya kuonyesha vyombo vilivyobuniwa na watu wa kawaida. Mkuu wa idara alikubali Punje, kwa sharti moja: iingie ukumbini kwa nguvu zake. "Chuma kisichotembea ni chakavu," alisema, "na chakavu tunacho tele." Angepita karakana alasiri ya siku hiyo kuiona ikitembea. Gari lenyewe lilikuwa la mjomba, jekundu, la kwanza kutengenezwa, ambalo alilipanda kwenda na kurudi kazini maisha yake yote. Ubaoni pembeni yangeandikwa majina matatu. Mjomba hakuwahi kuona jina lake likiandikwa popote isipokuwa kwenye kadi ya hospitali.

Ndiyo sababu ya shati jeupe.

*

Niliiweka Punje ya mama juu ya magogo na kufungua kifuniko cha nyuma. Mjomba alisimama pembeni, mikono nyuma, akiepuka kugusa. Sikuhitaji kuambiwa. Gia ya gurudumu la nyuma, ile inayoshikwa na mnyororo, ilikuwa imeliwa. Meno yake yalichongoka na kulala upande, na mawili yalikuwa yamevunjika kabisa.

"Si kitu," nilisema. "Tutabadilisha."

"Kwa gia ipi?" mjomba aliuliza.

"Ya pikipiki. Nitaitafuta yenye kipimo hiki."

"Hebu ipime kwanza."

Nilipima nafasi kati ya jino na jino, nikapima tena. Haikulingana na chochote ninachokijua.

"Ule mnyororo si wa pikipiki," mjomba alisema kwa uchovu. "Kiwanda cha nguo kilifungwa, tukachukua minyororo ya mashine za kufumia. Ilikuwa imara, tena haikuwa na mwenyewe. Sikio akakereza gia za kuifuata. Hakuna gia duniani inayoukubali mnyororo huo ila alizokereza yeye. Tulijiona wajanja kweli."

"Zimebaki ngapi?"

Aligeuza macho polepole kuelekea kwenye Punje nyekundu, iliyokuwa imesimama katikati ya karakana, imeng'arishwa, ikisubiri wageni.

Nilimvuta mjomba mpaka kwenye kona, karibu na ndoo ya vyuma chakavu.

"Haiwezekani," nilinong'ona. "Leo haiwezekani. Nitachora gia mpya, nitaipeleka kwa wakerezaji. Mwezi mmoja, labda miwili. Mama atasubiri."

"Mwambie."

"Mwambie wewe, mjomba. Wewe ndiye mwenye karakana."

"Mimi nimefunga karakana." Alijifuta uso kwa leso, akaikunja vizuri na kuirudisha mfukoni. "Sikiliza, mpwa wangu. Neno lile tulilisema tukiwa watatu. Kulisema ni rahisi mkiwa watatu. Wenzangu wakaenda, nikabaki nalo peke yangu, mvua na jua, wagonjwa wa kila aina. Nimelitimiza mpaka nimechoka. Leo sikulisema. Nilikaa kwenye kiti changu, nikanyamaza. Aliyelisema ni wewe."

"Nilikuwa nalisimulia tu!"

"Yule mama hakusikia hadithi. Alisikia ahadi."

Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali angekuwa mkali.

Niliporudi, mama alikuwa anahamisha trei kutoka kwenye gari, anazipanga kivulini. Nilimweleza kila kitu, au karibu kila kitu. Sikugusia Punje nyekundu. Nilisema gia hakuna, kwamba tutatengeneza nyingine, kwamba mjomba anaweza kumtafutia gari la kumrudisha nyumbani.

"Anirudishe leo," alisema. "Kesho je?"

Niliokota trei nyingine, nikaiweka kivulini.

"Basi si neno, mwanangu. Chuma ni chuma, huchoka kama sisi." Hakuwa na hasira hata kidogo. Alifunga trei tatu kwa kitambaa, akazijaribu uzito. "Hizi zinasubiriwa mgahawani. Nitazipeleka kwa mguu, kisha nitatafuta mtu wa kunibebea zilizobaki. Gari nitalifuata likipona. Asanteni kwa kunitoa ndani."

Akatoka nazo langoni, akitembea kwa hatua fupi fupi za mtu anayebeba kitu kisichosamehe. Barabara pale inapanda. Nilimwona akisimama, akabadilisha mkono, akaendelea.

Niligeuka. Mjomba alikuwa ameketi tena kwenye kiti chake, anatazama sakafu niliyoifagia. Nadhani angeniachia. Angekaa vile mpaka mkuu wa idara aje, angewasha Punje nyekundu, angepanda nayo ukumbini na shati lake jeupe, na asingenikumbusha kamwe. Hilo ndilo lililonishinda.

Nilikimbia. Nilimfikia mama nikiwa nahema kama mbwa.

"Mama, rudi. Tafadhali. Gia ipo."

"Ipo? Si ulisema—"

"Ipo. Niliisahau."

Alinitazama kwa makini, macho ya mtu anayekagua mayai juani. Lakini alirudi.

*

Nilianza peke yangu. Niliiinua Punje nyekundu kwa jeki, nikaegemeza mkia juu ya gogo, nikaondoa gurudumu. Nati ya ekseli ilikuwa imekaa mahali pake tangu sijazaliwa. Niliipaka mafuta, nikaning'inia kwenye spana kwa uzito wangu wote, spana ikateleza na kunichuna vidole.

"Unaibembeleza kupita kiasi," sauti ilisema nyuma yangu.

Mjomba alikuwa amesimama tumbo wazi. Shati jeupe lilikuwa limetundikwa kwenye msumari ukutani, limenyooshwa mabega. Alichuchumaa kwa shida, akashika nyundo, akaigonga nati pembeni, kwa upole, pande zote, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya jirani. Kisha akaniambia nivute. Ikatoka.

Gia ilikuwa nzuri. Ilikuwa na uzito wa kutosha kiganjani, na kila jino lilikuwa na alama ndogo ndogo za tupa, kwa kuwa Sikio alizimalizia kwa mkono. Mjomba aliipangusa kwa dole gumba, akakaa nayo kidogo, kisha akanipa bila kunitazama.

Tulifanya kazi bila maneno mengi. Mama alitushikia taa pale chini penye giza, akatuuliza kama huwa tunaongea siku za kawaida au tunaogopana.

"Tunahifadhi pumzi," mjomba alisema.

"Hifadhini, basi. Mimi nina mayai, siwezi kuwauzia pumzi."

Ile gia iliyoliwa tuliivisha Punje nyekundu, tukitumaini kwamba kwenye sakafu tambarare ingeshika hata kidogo. Niliiwasha. Injini ikaitika vizuri, ile sauti yake ya cherehani kubwa, lakini nilipotia gia mnyororo ulirukaruka ukikwaruza, na gurudumu halikusogea. Nilizima. Mjomba alikuwa anakaza nati ya mwisho kwenye gari la mama. Hakugeuka hata kutazama.

Mkuu wa idara akafika wakati huo huo. Alikuwa mtu mpole, mwenye mkoba uliomvuta bega upande mmoja. Alilizunguka gari, akainama, akatabasamu kweli kweli.

"Zuri mno. Haya, liwashe."

Niliwasha. Alisubiri. Nilimwambia ukweli wote, tangu mnyororo wa kiwanda cha nguo mpaka mayai.

"Kwa hiyo linanguruma tu," alisema.

"Kwa leo, ndiyo. Nitachora gia mpya, nitaikerezesha. Nipe miezi miwili."

Alisugua macho kwa vidole viwili. "Ukumbi unafunguliwa wiki ijayo, binti. Sehemu ile nikiiacha wazi wataichukua wa idara nyingine. Kuna injini ya pampu inasubiri." Akamgeukia mjomba. "Samahani, mzee. Nilitamani sana."

"Hata mimi," mjomba alisema. Kisha akaongeza, "Ya pampu ni nzuri. Sikio alianzia huko."

Mkuu alinipa mkono. Alisema gari likitembea nimpigie, ila nafasi hawezi kuahidi. Nilishukuru kwa kutoahidi. Siku hiyo nilikuwa nimejifunza uzito wa ahadi.

Alipoondoka, mama alikuwa amesimama kando ya trei zake, hazipangi tena.

"Kumbe ndiyo hiyo gia uliyoisahau," alisema. "Mwanangu, kwa nini hukuniambia? Mzee, rudisheni chuma chenu. Mwiteni yule bwana kabla hajafika mbali. Mimi nitajua la kufanya."

Nilimtazama mjomba. Alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye gurudumu, mikono imelegea, nyeusi mpaka viwikoni.

"Mama," alisema, "nati hiyo nimeshaikaza. Sina nguvu ya kuilegeza tena."

Mama akaanza kupakia mayai, na sisi tukamsaidia, trei baada ya trei, mpaka likabaki tundu la kukaa yeye. Alitaka kutuachia trei moja; mjomba alikataa, akakubali yai moja, ambalo lilikuwa na ufa. Aliingia, akavuta mlango, pua ikafungwa mbele yake.

Gari lilikuwa linatazama ndani ya karakana. Kwa hiyo mjomba na mimi tukakamata mkia kwa mara ya pili siku ile, tukakunja magoti, tukainua, tukaligeuza kuelekea barabarani. Lilikuwa zito kuliko asubuhi, au mikono ndiyo iliyokuwa mingine. Mama alitia gia. Mnyororo ukashika. Punje ikaondoka bila kuruka hata mara moja, ikaukabili mlima, ikaanza kuupanda kwa sauti ileile ya cherehani. Tulisimama mpaka ikapotea kwenye kona.

Mjomba alinawa, akavaa shati lake, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. Yai alilitia kwenye mfuko wa kifua. Nilivuta lango, nikafunga kufuli, na ndani, kupitia upenyo wa bati, niliiona nyekundu ikiwa imetulia sakafuni.

Jua lilikuwa bado juu. Barabara ilinyooka mbele yetu, ndefu, yenye kokoto.

"Ni mbali kiasi gani mpaka nyumbani?" niliuliza.

Mjomba aliweka kiganja juu ya mfuko wa yai, akaitazama barabara kama mtu anayeiona mara ya kwanza.

"Kwa miguu? Sijui," alisema. "Sijawahi kutoka hapa kwa miguu."